Kisu cha kuijengea Liemba: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwalimu mmoja wa fizikia mjini Kigoma anajenga modeli ya MV Liemba kwa uwiano wa 1 kwa 200. Meli yenyewe ina urefu wa mita 71 na ushee, hivyo modeli inafika karibu sentimita 36 na kukaa vizuri juu ya kabati la vyombo. Hakutaka seti iliyokwisha kukatwa kiwandani. Anataka kila kipande kipite mikononi mwake, na ukiijua historia ya meli hii utamwelewa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli, kisha ikaunganishwa upya kwa ribiti na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Malighafi yake ni ya karibu na nyumbani. Majalada ya kaunta buku kuukuu ndiyo mbavu za ndani. Manila ndiyo mabati ya ubavuni na kuta za vyumba vya juu. Sitaha anazikata kwenye mabaki ya plastiki nyepesi ya povu, ile ambayo watengeneza mabango hubaki nayo baada ya kazi.

Aliniandikia na kuuliza jambo moja tu: "Kaka, ninunue kisu gani?" Alikuwa ameona mtandaoni seti ndani ya sanduku la mbao, mipini mitatu na nyembe za maumbo mengi, na alitaka nimwambie kama inastahili bei yake. Nikamjibu, "Mwalimu, usinunue kwanza. Nipigie picha za mikato yako kwa karibu, upande wa mbele na wa nyuma."

Picha zilikuja jioni ile ile. Ya kwanza ilikuwa ukanda wa manila wenye madirisha ya vyumba vya abiria. Kwa uwiano wake, dirisha la sentimita 60 linakuwa milimita 3, kwa hiyo kosa lolote linaonekana wazi. Kwenye kila pembe palibaki nyuzinyuzi za karatasi, kama vile kipande cha katikati kimeng'olewa badala ya kukatwa. Ukingo wa juu wa kila mkato ulikuwa umeinuka na kufanya mdomo. Picha ya pili ilikuwa ubavu wa ndani uliokatwa kutoka jalada la kaunta buku. Mbele mstari ulikuwa sawa, nyuma ulikuwa umehama. Ya tatu ilikuwa ukanda mrefu wa manila ulioanza vizuri kando ya rula, na ulipokaribia mwisho ukaiacha rula na kupinda kuelekea ndani.

Watu wengi wakiona hivyo husema kisu ni kibovu, wakanunua kingine, na wiki ya pili wako palepale. Makosa yale matatu yana vyanzo vitatu, na kisu kipya kingeponya sehemu tu.

Nilianza na ule mkato uliohama upande wa nyuma, kwa sababu ndio unaoeleza kisu chenyewe. Alikuwa akitumia kile kisu cha plastiki cha kusukuma kwa kidole gumba, kinachouzwa kila duka la vifaa vya shule, chenye wembe mpana wa milimita 18 unaovunjwa kipande baada ya kipande. Nikamwambia asukume wembe utoke kipande kimoja tu, aufunge, akandamize ncha kwenye ubao, kisha autikise mpini kushoto na kulia bila kuinua ncha. Jibu lake lilikuwa fupi: "Unacheza. Unaonekana kwa macho."

Kasoro hiyo ndiyo hukosesha watu wengi raha ya kazi hii. Mkono umetulia, rula imetulia, lakini wembe unalala ndani ya mfereji wake kila unapokutana na ugumu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu: jalada lenye unene wa milimita 2, wembe ukilala nyuzi 10, upande wa chini unahama kwa theluthi moja ya milimita na zaidi kidogo. Zidisha kwa 200. Kwenye meli halisi hizo ni sentimita 7, na mbavu zote zikihama hivyo, kila moja na upande wake, mabati ya ubavuni hayatalala sawa hata gundi iwe nzuri kiasi gani.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kisu cha modeli iko kwenye namna mpini unavyoushika wembe. Ukali unafuata. Karibu kila wembe mpya una ukali wa kutosha kukata manila. Visu vinatofautiana pale wembe unapoingia mpinini: je, mfereji ni wa chuma au wa plastiki inayotanuka? Je, kuna skrubu ya kukaza, au ni meno tu yanayoshikilia? Hayo unaweza kuyapima dukani kabla ya kutoa pesa, na muuzaji mwenye busara hatakukatalia.

Sasa kwa nini wembe mwembamba na si mpana? Kisu cha milimita 18 ni cha kufungulia maboksi, kukata mazulia na bodi za dari. Wembe wake una unene wa karibu nusu milimita. Ule wa milimita 9 una milimita 0.38 hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba wembe unapoingia kwenye kadibodi unasukuma kingo mbili kando ili upate njia, na karatasi inayosukumwa haina pa kwenda isipokuwa juu. Hapo ndipo ulipotoka ule mdomo kwenye madirisha yake. Ncha butu inauongeza. Kupima ubutu ni rahisi: shika wembe chini ya taa, makali yakiwa yanakutazama. Makali mazima hayaonekani. Yaliyochoka yanaonyesha mstari mwembamba unaong'aa, na mahali palipovunjika huonekana kama nukta ya mwanga. Alipotazama, alikuta karibu na ncha pote panang'aa.

Wembe wa kuvunja una asili ninayoipenda. Mwaka 1956 mjini Osaka, Yoshio Okada, aliyekuwa akifanya kazi ya uchapaji, alichoka kuona nyembe nzima zinatupwa kwa sababu ya ncha tu. Alijua mafundi viatu walivyovunja kioo kupata ukingo mpya wa kukatia, na alizikumbuka chokoleti za kumega za askari wa Kimarekani. Kutokana na hayo mawili akabuni wembe wenye mistari ya kuvunjia, na kampuni iliyozaliwa ni Olfa. Vipimo vyake, upana wa milimita 9 na 18 na mkato wa nyuzi 59, vilifuatwa na watengenezaji wengine. Ndiyo maana wembe wa milimita 9 wa chapa moja kwa kawaida unaingia kwenye kisu cha chapa nyingine. Kwa mtu anayeishi mbali na maduka makubwa, hilo lina uzito kuliko jina lililochapwa kwenye mpini.

Nilimweleza Mwalimu msimamo wangu waziwazi: chagua wembe kwanza, mpini ufuate. Wembe ni kitu cha kutumika na kuisha. Ukifanya kazi ya maana ya madirisha, utabadilisha ncha mara nyingi jioni moja, na mtu anayeona uchungu kubadilisha kwa sababu nyembe zake zimeagizwa ng'ambo atakata na butu, atakandamiza zaidi, na siku moja atajikata. Seti ya sanduku la mbao ilikuwa na nyembe za aina nyingi, lakini chache kwa kila aina, na hakuna duka Kigoma ambako angepata za kujazia. Mipini mizuri isiyo na nyembe haina kazi.

Kisa chake kilikuwa tayari na somo la jambo hilo. Miezi kadhaa kabla ya kunitafuta alikuwa amenunua mpini wa kisu cha upasuaji, namba 3, kwenye duka la vifaa tiba. Akasoma mahali kwamba wembe bora wa modeli ni namba 11, akamwagiza mdogo wake aliyekuwa Nairobi. Pakiti ikafika, imeandikwa 11, na wembe ukagoma kuingia. Akajaribu kwa koleo, ukagoma. Alidhani ameuziwa bandia, na mpini na pakiti vikatupwa kwenye droo.

Mpini na pakiti vyote vilikuwa halali, ila namba 11 zipo za familia mbili tofauti. Kisu cha upasuaji cha vipande viwili kinatokana na uvumbuzi aliousajili Mmarekani Morgan Parker mwaka 1915: mpini bapa wenye ulimi wa chuma, na wembe wenye tundu refu linalotelezea kwenye ulimi ule mpaka ujifunge. Kampuni kama Swann-Morton ya Sheffield, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1932, inatengeneza nyembe za mfumo huo mpaka leo. Pakiti iliyotoka Nairobi ilikuwa ya mfumo wa X-Acto, kampuni iliyoanzishwa New York na mhamiaji kutoka Poland, Sundel Doniger. Huko mpini ni wa duara, una taya mbele, unaingiza mkia wa wembe kati ya taya na kukaza kwa kuzungusha. Umbo la ncha linafanana, pembetatu ndefu yenye makali yaliyonyooka. Ushikaji hauhusiani kabisa. Ukienda dukani, usitaje namba peke yake. Nenda na mpini wako mfukoni.

Kati ya mifumo hiyo miwili, upi bora kwa modeli? Jibu langu lina pande mbili. Wembe wa X-Acto na jamaa zake ni mnene na mgumu zaidi, haupindi ukikutana na mbao au plastiki ngumu, na kwa kuchonga na kukwangua ndio ninaoupendelea. Kasoro zake ni taya zinazolegea kidogokidogo bila wewe kujua, na mpini wa duara unaoviringika mezani. Kisu kikianguka, huanguka kwa ncha, na mguu uko chini pale pale. Wembe wa upasuaji ni mwembamba sana na mkali kuliko wote, na kwenye manila unapita bila kuacha mdomo. Lakini unapinda, na ncha ya namba 11 ni laini kiasi kwamba ukiipindisha kidogo kwenye plastiki inavunjika na kuruka. Miwani ni lazima.

Kwa Liemba ya manila, Kigoma, uamuzi haukuwa mgumu. Nyembe za upasuaji ziko karibu na hospitali yoyote kubwa, kwenye maboksi yenye pakiti moja moja zilizofungwa. Mpini namba 3 alishakuwa nao kwenye droo. Nilimshauri aachane na namba 11 kwa kazi ya kila siku na achukue 10A, ambayo ni fupi, imenyooka, na ncha yake ina nyama zaidi nyuma yake. Achukue na chache za namba 15, zenye tumbo dogo la duara, kwa kukwangua gundi na kupunguza kingo za plastiki ya povu. Mipini namba 4, yenye nyembe za namba 20 na kuendelea, aiache. Ni mikubwa kwa madirisha ya milimita 3. Na nyembe ziwe za pakiti isiyofunguliwa. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimesikia watu wakiomba zilizotumika hospitalini. Wembe uliogusa damu ya mtu hauingii kwenye nyumba yako, hata ukiuchemsha.

Mpini namba 3 ni mwembamba na bapa, vidole vinachoka. Dawa ni kuuzungushia plasta ile ya kitambaa ya kufungia vidonda, mizunguko michache, mpaka unene ukae vizuri kati ya vidole vitatu. Kuutoa wembe usitumie kucha. Ubane kwa koleo dogo kwenye kisigino, uinue kidogo utoke kwenye ulimi, usukume mbele, ncha ikiwa inaelekea mbali nawe na mbali na mtu yeyote.

Kwa mikato mirefu nilimwambia anunue kisu cha milimita 9 chenye mfereji wa chuma. Wembe mwembamba wa upasuaji ukiubana kwenye rula kwa urefu wa sentimita 30 unapinda na kufuata njia yake. Ule wa milimita 9, ukitolewa kipande kimoja tu, unabaki mgumu. Zipo pia nyembe za nyuzi 30 zinazoingia kwenye visu hivyo hivyo, na zinasaidia kuona ncha iko wapi, ila kwa mikato iliyonyooka ile ya nyuzi 59 inatosha.

Kisu kilikuwa nusu ya tatizo lake. Nusu ya pili ilikuwa chini ya kisu na kando yake. Alikuwa akikatia juu ya kipande cha ubao, na ubao una nyuzi. Ncha ikishapita manila inaingia kwenye nyuzi za mti na kuzifuata, na hakuna mkono unaoweza kushindana nazo. Huo ndio mstari uliopinda mwishoni. Kioo hakina nyuzi na kinatoa mkato safi, lakini kinaua ncha upesi mno. Mkeka wa kukatia wa plastiki laini, ule wa kijani wenye mistari ya vipimo wanaotumia pia mafundi wa nguo, ndio jibu, na ukikosekana, kadibodi nene isiyo na mifereji ndani, ikibadilishwa mara kwa mara. Rula yake ilikuwa ya plastiki, imeliwa mahali pengi kingoni. Rula ya chuma ya fundi wa vyuma inamaliza hilo. Ile plasta ya mpini inafaa hapa pia: vipande viwili nyuma ya rula, haitateleza tena.

Halafu mkono. Mwalimu alikuwa akikata kwa pigo moja zito. Mkato wa modeli ni wa kupita mara kadhaa. Mpito wa kwanza hauna uzito wowote, unaandika njia tu. Wa pili unaifuata. Kwa jalada la kaunta buku utapita mara nyingi, na mkato utabaki wima kwa sababu hakuna nguvu ya kuulaza wembe. Sikiliza pia: wembe mzima kwenye manila karibu hauna sauti. Ukianza kusikia mkwaruzo, vunja kipande au badilisha.

Madirisha yana utaratibu wake, na ndio uliobadilisha ule ukanda wake kabisa. Toboa kila pembe kwa ncha kwanza, wima kabisa. Kisha weka ncha kwenye pembe na vuta kuelekea katikati ya upande. Geuza kipande, anza pembe ya pili, vuta mpaka mikato ikutane. Ukifanya hivyo ncha haivuki pembe, na pembe yenyewe inakatika hadi chini, kwa hiyo hakuna nyuzi za kung'oa. Kata kwanza pande za juu za madirisha yote ya safu, rula ikikaa mahali pamoja, kisha pande za chini za yote, ndipo uende kwenye pande za wima. Macho hayasumbuliwi na dirisha moja lililo kubwa kidogo, yanasumbuliwa na safu iliyopanda na kushuka. Baada ya mikato ya mwanzo, pitisha tone la supa gluu jembamba kwenye mstari, dirisha la chumba likiwa wazi kwa sababu ya moshi wake, liache likauke kabisa, umalizie kukata. Karatasi iliyoshiba gundi inakatika kama plastiki na inakubali msasa.

Madirisha ya duara ya ubavuni nilimkataza asiyaguse kwa kisu. Kwenye uwiano ule ni matundu ya milimita 2 au chini ya hapo, na hakuna kisu kinachozungusha duara hilo vizuri. Duka lile lile la vifaa tiba lina sindano nene. Kata ncha yake iliyochongoka, isawazishe kwenye jiwe la kunolea mpaka mdomo wake uwe bapa, noa ukingo kwa ndani, kisha igonge juu ya mkeka kwa nyundo ndogo. Tundu linatoka la duara kamili kila mara. Yeye aliongeza lake: kipande cha waya kinachopita ndani ya sindano kusukuma nje vile vidonge vya karatasi vinavyoziba.

Nyumbani kwake kuna watoto, kwa hiyo nilimuuliza nyembe zilizokwisha zinakwenda wapi. Zilikuwa zinafungwa kwenye gazeti na kuingia kwenye ndoo ya taka. Sasa ana kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko uliogundishwa na mpasuko mmoja juu, liko rafu ya juu, na likijaa litapelekwa likiwa limefungwa. Nyembe mpya za chuma cha kaboni amezifungia kwenye kopo jingine pamoja na kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, maana unyevu wa ziwani unazipiga kutu mara pakiti ikishafunguliwa.

Fedha aliyoitenga kwa ajili ya seti ya sanduku ilinunua kisu cha milimita 9, mkeka, rula ya chuma, boksi la 10A na nyembe chache za namba 15. Ukanda mpya wa madirisha alionitumia una pembe kavu pande zote mbili. Mbavu amezikata upya zote, na mabati ya manila yamelala juu yake bila kulazimishwa, isipokuwa kwenye omo, yaani mbele ya meli, ambako mviringo unataka vipande vyembamba zaidi na bado anahangaika navyo.

Angekuwa anajenga ndege au magari ya plastiki ya viwandani, yale ambayo vipande vinakuja vimeshikana na fremu, ningempa jibu jingine. Hapo kifaa cha kwanza ni koleo dogo la kukatia lenye uso bapa, kipande kinatolewa kwenye fremu kikiwa na kishina, na kisu kinakuja mwisho kukipunguza kishina hicho kwa tabaka nyembamba. Kwa kazi hiyo ningemtafutia mpini wa duara wenye taya na pakiti ile ile ya Nairobi, na hata sasa nimemwambia asiitupe. Nguzo za mlingoti atazichonga kwa vijiti vya mishikaki, na nyembe zile ngumu ndizo zitakazomfaa, akishapata mpini wake.